Barke binti Sururu na Jini Asiyejua Moto Mdogo

Katika zama ambazo milima ya makaa ilikuwa bado haijapewa majina, alitawala katika mji wa Hadidiya Sultani mtukufu, Mudhafari bin Ghalibu, mwenye ndevu nyeupe na sauti nene na moyo mwepesi wa kujisifu, na raia zake walimpenda kwa sababu alipojisifu aliwasifu na wao pia. Mji wenyewe ulikuwa na haki ya kujisifu, wallahi. Hapakuwa na harusi wala mazishi wala mkataba wa biashara katika falme saba za jirani uliofanywa pasipo kisu cha Hadidiya, na wageni walipoingia langoni walisikia nyundo kabla hawajasikia adhana, na watoto wa mji ule walijua kutofautisha chuma na feleji, ambacho ndicho chuma bora kuliko vyote, kabla hawajajua kuhesabu vidole vyao.

Basi desturi ya mji ilikuwa kwamba kila kulipopambazuka mpiga mbiu husimama juu ya mnara na kunadi kwamba hakuna moto duniani unaozaa kisu isipokuwa moto wa Hadidiya. Maneno haya yalinadiwa miaka mingi na hakuna aliyedhurika, mpaka siku moja yakamfikia Lahabu bin Wahaju, jini mkubwa aliyekaa chini ya mlima wa makaa, naye ni katika wale walioumbwa kwa moto, na kwake yeye kusikia wana wa udongo wakijigamba kwa moto ilikuwa ni tusi lisilovumilika.

Alitokea barazani mchana kweupe, Sultani akiwa amekaa na mawaziri wake na mwanawe Haithamu, na moshi ulijaa ukumbini hata walinzi wakakohoa wakasahau kuchomoa panga zao. Jini alisimama, kichwa chake kikagusa dari, akatoa salamu kwa adabu, kwani majini wa ukoo wake wana adabu hata wakikasirika, kisha akasema:

"Ewe Mudhafari bin Ghalibu, nimesikia mbiu yako. Mimi ni moto, mwana wa moto, na ninyi mnauazima kwa makaa na kwa kupuliza. Mtoe mhunzi wako mmoja atengeneze kisu kimoja, nami nitatengeneza changu, na visu vikutane makali kwa makali mbele ya watu wote. Nikishindwa, nitamtumikia mhunzi huyo maisha yake yote. Nikishinda, nitauondoa moto katika kila kiwanda cha mji huu, na chuma hakitakuwa chekundu hapa tena mpaka kiyama."

Mtu mwenye busara angeomba muda wa kushauriana. Sultani wetu, Mungu amrehemu, alisimama akajibu pale pale kwamba amekubali, na akala kiapo, na akaweka siku, ambayo ni siku ya kwanza baada ya mwezi mpya kuandama, na jini akaondoka na moshi wake, na hapo ndipo Sultani alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe hajui hata kushika nyundo.

Wahunzi wote wakaitwa. Hapo palikuwa na vichekesho, laiti visingekuwa vya kuhuzunisha, kwa maana watu waliokuwa wakitembea mjini vifua mbele sasa kila mmoja alikuwa na ugonjwa. Huyu mgongo, yule macho, mwingine amepatwa na homa alipokuwa anapanda ngazi za kasri. Hakuna aliyetaka jina lake liwe ndilo lililouzima moto wa Hadidiya, na siwalaumu sana. Ndipo aliposimama Barke binti Sururu, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, mwanamke mrefu mwenye mikono yenye alama za cheche hadi kwenye viwiko, ambaye babake, marehemu Fundi Sururu, alimwachia kiwanda na mama mzee na mche mmoja wa feleji, akasema kwamba kisu hicho atakitengeneza yeye.

Mawaziri walitazamana. Mmoja akauliza kama binti anajua linaloweza kuupata mji akishindwa.

"Najua, bwana wangu," Barke alijibu. "Moto ukiondoka, hawa wengine watakuwa wachuuzi au wakulima, na watashiba. Mimi sitakuwa kitu. Sijui kuwa kitu kingine, wala sitaki kujua."

Alisema hivyo akiwa ameinua uso, na yule mwana wa Sultani, Haithamu, aliyekuwa amekaa kando ya babake, akasahau kufunga mdomo.

Barke akarudi nyumbani, akamweleza mamake, Bi Rehani, yaliyotokea. Bi Rehani alikuwa ndiye mvuta mivukuto wa marehemu mumewe tangu siku ya harusi yao, na alijua kuupa moto pumzi kama wengine wanavyojua kupima chumvi ya mchuzi. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu wataanza lini, na aliposikia kwamba ni sasa hivi, akajifunga kanga kiunoni akaketi mahali pake.

Wakaukata ule mche wa feleji vipande viwili, na Barke akaanza na cha kwanza. Alikifua kwenye fuawe mpaka kikawa na umbo la kisu, akakilainisha kwa tupa, na kila baada ya kukifua alikiacha kipoe chenyewe hewani bila ya kukiharakisha, ili ndani yake kitulie. Kisha akafunga madirisha yote na mlango. Hii ndiyo desturi ya wahunzi wa Hadidiya, kwamba kisu kikifika saa ya kutiwa ugumu kiwanda hufanywa giza hata kama jua liko utosini, kwa sababu mwanga wa nje hudanganya jicho, na mhunzi anayeziona rangi za chuma juani huziona vibaya. Katika giza lile kisu kikaanza kuiva, kikatoka wekundu wa damu kikaingia wekundu wa tufaha, na Barke akakigusisha jiwe la sumaku. Mara ya kwanza jiwe likang'ang'ania. Akakirudisha motoni kidogo, akakigusisha tena, na jiwe likateleza kana kwamba halijawahi kukijua chuma, na hapo akajua wakati umefika. Akakitumbukiza kikiwa wima kabisa ndani ya chungu cha mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kwani kikiingia upande hupinda, na mafuta yakachemka yakanyamaza.

Akakitoa, akapitisha tupa juu ya makali, na tupa ikateleza bila ya kuuma. Kisu kilikuwa kigumu kuliko kisu chochote alichopata kukishika.

Sasa kanuni ya ufundi ni kwamba kisu hakiachwi hapo. Kikitoka kwenye mafuta hupelekwa kwenye moto wa pili, moto mdogo, kabla hakijapoa mikononi. Bi Rehani akamkumbusha. Barke akakataa.

Alimwambia mamake kwamba moto wa pili hupunguza ugumu, kila mtu anajua, na jini atakuja na ugumu wa jehanamu, na yeye hatapunguza hata chembe. Mama aliinuka, akafungua madirisha, akaenda kupika.

Barke akakinoa kisu hata kikawa kinakata unywele uliokuwa unaelea, na moyo wake ukajaa furaha, akatembea nacho uani akikigeuza juani. Kisha akafanya jambo analolifanya kila mhunzi wa mji ule kabla hajagonga chapa yake, akachukua pembe ya kondoo dume akaiweka kwenye gogo akaipiga kwa kisu kama mtu anayechanja kuni. Kisu kikakatika vipande viwili, na kipande kimoja kikaruka kikagonga ukuta wa jikoni.

Alikaa chini palepale vumbini. Aliona aibu, na aliona hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa maana alikuwa amebakiwa na kipande kimoja tu, na mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, na alijua kwamba hakukosea kwa kutojua. Bi Rehani akatoka jikoni na kile kipande mkononi, akakitazama mahali kilipokatikia, akaona chembe zake ni ndogondogo kama jivu lililochekechwa, dalili ya moto uliopimwa vizuri.

"Feleji yako ni nzuri, na moto wako wa kwanza ni mzuri," akasema. "Babako hangeufanya vizuri zaidi. Lakini hiki umekitengeneza kwa kumwogopa jini. Sasa tengeneza cha kukatia, mwanangu."

Barke akalia kidogo, akanawa uso, akachukua kipande cha pili.

Akafanya yote aliyoyafanya kwanza, kwa mwendo uleule, akapita tena giza na sumaku na mafuta, na tupa ikateleza tena. Safari hii hakukitoa nje kukitazama. Alikuwa ameweka pande nene la chuma motoni mpaka likawa jekundu, akalitoa, akakisugua kisu kwa mchanga mpaka kikang'aa, akakilaza mgongo wake juu ya lile pande, na makali yakabaki hewani. Akafungua dirisha moja, kwani rangi hizi ndogo huhitaji nuru, akapiga magoti akatazama. Zikaanza kutoka mgongoni na kusogea polepole, kwanza rangi ya samli, kisha ya asali, kisha zambarau, kisha samawati nzuri, moja ikiisukuma nyingine kuelekea kwenye makali, na Barke hakupepesa macho wala hakuitika Bi Rehani alipomuuliza kama anataka maji. Rangi ya samli ilipofika kwenye makali yenyewe, na mgongo umekuwa wa samawati, akakichovya majini ili rangi zisiendelee. Hivyo makali yakabaki magumu na mgongo ukawa mnyumbufu, kisu kimoja chenye tabia mbili. Akakinoa. Akapiga ile pembe ya kondoo, na pembe ikagawanyika, na makali hayakuwa na jeraha. Ndipo alipochukua chapa ya Sururu na kuigonga karibu na mpini, pigo moja, na mamake akacheka kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Mwezi ulipoandama, kesho yake asubuhi watu wote wa Hadidiya walikusanyika maidani, na wale wahunzi waliokuwa wagonjwa walikuwa mstari wa mbele, wazima kabisa. Lahabu akashuka. Alisema kwamba hakuja na kisu kwa sababu hana haja ya kuja nacho, na mbele ya macho ya watu akang'oa chuma kutoka ubavuni mwa mlima, akakipulizia pumzi yake, na chuma kikawa cheupe kama jua la adhuhuri na kikarusha cheche pande zote, watu wakarudi nyuma wakipiga kelele za ajabu. Akakifinyanga kwa vidole, akakitupa katika birika la maji baridi la msikiti, na birika likapasuka, na akakitoa kisu kinachong'aa hata usingeweza kukitazama.

Barke alikuwa amesimama na kisu chake ndani ya kitambaa. Aliziona zile cheche. Kila mhunzi wa kweli aliyekuwa pale aliziona, na akajua, kwani feleji inayorusha cheche motoni ni feleji inayoungua. Lakini hakuanza kushangilia, kwa sababu kisu cha jini kilikuwa hakijajaribiwa bado, na yeye alikuwa amekwisha kujiamini kupita kiasi mara moja siku zile.

Haithamu mwana wa Sultani ndiye aliyepewa kazi ya kuvishika visu vyote viwili, ili pasiwe na hila ya mkono. Akaachia hariri juu ya makali ya jini, na hariri ikagawanyika. Akaachia hariri juu ya makali ya Barke, nayo ikagawanyika. Akaletewa msumari wa mlango. Kisu cha jini kikaukata kana kwamba ni tango. Kisu cha Barke kikaukata pia, lakini ilibidi Haithamu apige mara ya pili, na watu wakanyong'onyea, na Sultani akashika ndevu zake kwa mikono miwili. Jini akatabasamu.

Kisha visu vikakutana. Haithamu alivishika, kimoja kila mkono, akamtazama Barke kama mtu anayeomba radhi, akavigonganisha makali kwa makali kwa nguvu zake zote.

Kisu cha jini kikavunjika. Hakikukatika mara moja tu, kilimwagika, vipande vitatu vinne vikaanguka juu ya mawe ya maidani, na mahali kilipovunjikia palionekana chembe kubwa kubwa kama chumvi ya mawe. Kisu cha Barke kilikuwa na pengo dogo kwenye makali, dogo hata ukitaka kuliona sharti uliinamie. Haithamu, ambaye hakuamrishwa, akakibana katika ufa wa jiwe akakipinda kwa kiganja, kikapinda, akakiachia, kikarudi kikanyooka. Hapo mji mzima ukapaza sauti, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakahama mnarani, na mimi ninayesimulia siwezi kukueleza fahari ya siku ile, isipokuwa kwamba wazee walikumbatiana na maadui zao na hawakujuta baadaye.

Lahabu aliinama akaokota vipande vyake. Watu wakawashika watoto wao mikono, kwa maana walidhani atauteketeza mji. Lakini alipiga goti mbele ya Barke, na hata akiwa amepiga goti alikuwa mrefu kumshinda.

"Nimeshindwa, na ahadi yangu ni ahadi," akasema. "Lakini nifahamishe, ewe binti Sururu. Moto wangu ni mkubwa kuliko wako."

"Ni mkubwa kuliko wa mtu yeyote," Barke alimjibu. "Umekiunguza chuma kwanza, kisha ukakigumisha, kisha ukakiacha hivyo hivyo. Kisu kinahitaji moto wa pili, mdogo, wa kukituliza. Ule hukuwasha."

Jini akavigeuza vile vipande kiganjani. "Sijui kuwasha moto mdogo," akasema mwishowe. "Hakuna aliyewahi kuniambia nipunguze."

Barke hakumcheka, kwani yeye alikuwa ameambiwa na asisikie.

Basi Lahabu akawa mtumishi wa kiwanda cha Sururu, na huduma yake mwanzoni ilikuwa balaa. Aliambiwa avute mivukuto, akapuliza mara moja makaa yote yakatoka kwa mlango wa nyuma na ukaya wa Bi Rehani, kitambaa chake cha kichwani, ukashika moto. Aliambiwa apashe pande la chuma, akaliyeyusha. Bi Rehani alimkaripia kama anavyokaripiwa mkwe mvivu, na yule aliyekuwa akitikisa milima akasimama kando ya ukuta akiangalia miguu yake, na akaomba ajaribu tena.

Haithamu naye akawa haonekani kasrini. Alikuja kwanza kwa kisingizio cha kununua kisu, kisha cha kununua kingine, mpaka Sultani alipouliza kasri linahitaji visu vingapi vya kumenyea maembe. Posa ikapelekwa kwa ngamia na ngoma. Barke alipokea posa kwa heshima, akajibu kwamba yeye anampenda mwana wa Sultani na hafichi, lakini hatahamia kasrini kukalia godoro, na anayemtaka ataoana na kiwanda pia, na moshi wake, na mama yake. Mawaziri wakaona ni utovu wa adabu. Sultani akacheka mpaka akakaa chini, akasema kwamba huyo ndiye Hadidiya mwenyewe, na akaamuru nyumba ijengwe kuizunguka karakana ile, yenye kumbi na bustani, na mwenye nyumba akiwa ni Barke.

Wakaoana kwa sherehe iliyosimamisha biashara za falme saba, na misafara ikaja kununua visu vyenye chapa ya Sururu kwa uzito wake wa fedha, na Barke akawa tajiri, na katika siku ya harusi akamwachia Lahabu huru. Jini hakuondoka. Aliomba apewe makaa kidogo na pembe ya karakana ili afanye shughuli yake mwenyewe, na watu wa nyumba hawakuuliza ni shughuli gani.

Muda mwingi ulipita. Siku moja, wakati wa kupika cha mchana, Lahabu aliingia jikoni akiwa amejipunguza mpaka akatosha mlangoni, akamwekea Bi Rehani kisu juu ya ubao. Kilikuwa kisu kidogo cha jikoni, cha kawaida sana, kilichofuliwa kutokana na chuma kipya, na mgongoni kilikuwa na samawati isiyo sawasawa, hapa imekolea, pale imepauka. Barke na mumewe wakaja wakasimama mlangoni. Bi Rehani akachukua mfupa wa goti la mbuzi akaupiga, akatazama makali. Akachukua kitunguu akakikata vipande vyembamba hata ungeweza kuona ubao kupitia kwavyo. Akatazama makali tena. Kisha akakifuta kisu kwa kanga yake, na badala ya kumrudishia mwenyewe akakiweka katika kapu pamoja na visu vyake vingine vya kupikia, akaendelea na mboga.

"Kichukue ukagonge jina lako," akamwambia bila ya kugeuka. "Kisha unirudishie, nina kazi nacho."

Na Lahabu bin Wahaju, mwana wa moto, aliyeumbwa kabla ya milima kupewa majina, akalia machozi yaliyokuwa moto kiasi cha kutoboa sakafu, na hakuona haya.

Huu ndio mwisho wao nilioupokea, nami nimeufikisha. Mwenye nguvu asidhani kazi yake imekwisha anapokuwa mgumu, kwa maana huo ni moto wa kwanza tu, na wa pili ni ule anaojizuia nao, na bila ya huo wa pili hataishi mpaka apate kutumika. Aliyenisikia vizuri na akaninolee kisu changu, kimekuwa butu kwa kuwakatia ninyi maneno.